Mashine ni ya Nani?

Kisumu ukimwambia mtu wa boda akupeleke Russia, hatakuuliza pasipoti. Atakupeleka hospitali. Kwenye lango imeandikwa jina la Jaramogi Oginga Odinga, na kabla ya hapo ilikuwa na majina mengine rasmi, lakini mtaa umeyakataa yote. Kwa mtaa ni Russia, kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Zaidi ya miaka 50 jina hilo limeishi mdomoni tu.

Kuna jambo lingine la hospitali hiyo ambalo pia limeishi mdomoni. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta alikuja kuifungua. Tom Mboya alikuwa ameuawa Julai mwaka huo huo, na Kisumu ilikuwa na uchungu. Wafuasi wa KPU, chama cha Jaramogi, walipiga kelele za "Dume!", fahali aliyekuwa alama ya chama chao. Kenyatta na Jaramogi wakarushiana maneno mbele ya umati. Halafu risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Mimi bado sijakutana na mzee wa hapa anayeikubali hesabu hiyo. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku na Jaramogi akawa kizuizini.

Hadithi hii nilikua nikiisikia vipande vipande, mara nyingi matangani usiku, wazee wakiota moto. Mtu anaanza, mwingine anakohoa, maneno yanahamia kwenye bei ya omena.

Sisi ni watu tisa. Hatuna ofisi, tunakutana Nyalenda kwa mmoja wetu mwenye sebule kubwa kidogo. Tunatoa kijitabu kila tukipata pesa: kurasa 24, karatasi za A4 zilizokunjwa katikati, pini mbili za stepla mgongoni, jalada la manila. Toleo la kwanza lilihusu mkutano wa Lundha, kule Gem, Desemba 1921, wakati vijana waliosoma misheni walisimama pamoja na wazee kulalamikia kodi, kipande na kazi ya lazima. Vuguvugu hilo watu waliliita Piny Owacho, yaani nchi imesema. Toleo la pili lilihusu reli, iliyofika hapa 1901 mji ukiitwa Port Florence. Tulichapa nakala 60 kila toleo, tukauza bob 100, zikaisha. La tatu tukasema ni 1969.

Matoleo mawili ya kwanza tulichapiwa na duka moja la fotokopi mjini. Jamaa alikuwa poa sana, hata alikuwa akitupunguzia hadi shilingi 3 kwa kila upande. Nilipompelekea faili la tatu alisoma ukurasa wa kwanza kwenye skrini, akalifunga.

"Boss wangu, hii siwezi. Hii iko na siasa. Mimi niko na watoto."

Nikamwambia hii ni historia, watu wamekufa kitambo.

"Sawa. Lakini ingekuwa programu ya matanga ningekupigia sasa hivi."

Sikumkasirikia. Programu za matanga ndizo zinazomlisha. Pita maduka ya uchapishaji ya Kisumu siku ya Alhamisi uone: foleni ya watu waliobeba flashi, kila mmoja ana picha ya marehemu, maana mazishi ni Jumamosi. Programu inatoka kwa rangi, karatasi inayong'aa, na ndani yake mna kila kitu: alizaliwa lini na wapi, shule alizosoma, kazi, mke au wake, watoto kwa majina, wajukuu, namna alivyougua. Ukitafakari, hiyo ndiyo historia kubwa zaidi inayochapishwa kando ya ziwa hili. Hakuna mhariri wa Nairobi anayeipitisha. Na kwa watu wengi ndiyo mara ya pekee maisha yao yatakapopigwa chapa.

Waliopigwa risasi 1969 hawakupata hiyo. Jambo hilo lilinikaa kichwani nikirudi nyumbani na flashi mfukoni.

Hofu ya jamaa wa fotokopi ina mizizi mirefu. Mwaka wa 1982 lilitoka gazeti la siri lililoitwa Pambana, sauti ya December Twelfth Movement, kundi lililojiita kwa tarehe ya uhuru ili kusema kwamba uhuru wenyewe haujafika. Halikuuzwa kwenye kibanda. Lilipita mkono kwa mkono, na mkono uliokutwa nalo ulikuwa na kesi. Mwaka huo huo Willy Mutunga, mwalimu wa sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, alishtakiwa kwa kukutwa na kijikaratasi cha uchochezi, kisha akawekwa kizuizini. Baadaye sana, 2011, akawa Jaji Mkuu wa nchi hiyo hiyo. Mwanafunzi Onyango Oloo alifungwa miaka 5 kwa maandishi yake mwenyewe. Ikafika 1986, msako wa Mwakenya, na watu wakaanza kupelekwa Nyayo House, kwenye vyumba vya chini.

Dani yangu, mama yake baba, alichoma karatasi mwaka huo wa 1986. Baba yangu mkubwa alikuwa chuoni, na habari zilifika kijijini kwamba vijana wanachukuliwa. Dani hakujua kusoma. Hakuweza kutofautisha karatasi ya hatari na ya kawaida, kwa hiyo alichoma zote: barua, vitabu, cheti cha ubatizo, matokeo ya darasa la saba. Baba mkubwa hakukamatwa. Lakini hadi leo akitaka kuthibitisha jambo lolote la kabla ya 1986 lazima aape.

Kifungu cha uchochezi kilitolewa kwenye sheria zetu 1997. Miaka mitano baadaye, 2002, bunge likapandisha dhamana ya kuchapisha gazeti kutoka shilingi 10,000 hadi milioni moja. Yaani mlango mmoja ulifunguliwa na mwingine ukawekewa bei.

Mimi nilitaka kujua watu wa zamani walifanyaje. Jibu nililipata kwa Jaramogi mwenyewe, kwenye Not Yet Uhuru, kitabu chake cha 1967. Watu humkumbuka kwa siasa, ila miaka ya 1940 alikuwa mtu wa kukusanya senti. Alianzisha shirika la akiba, Luo Thrift and Trading Corporation, akazunguka Nyanza na hadi kwa Wajaluo waliofanya kazi mbali akiwauzia hisa. Wengi walimcheka. Moja ya vitu ambavyo pesa hizo zilinunua ni mtambo wa kuchapisha: Ramogi Press, Nairobi. Ulichapa Ramogi, gazeti la Dholuo la Achieng' Oneko. Ulichapa pia magazeti ya Kikuyu na ya Kiswahili. Serikali ilipotangaza hali ya hatari Oktoba 1952, magazeti mengi ya Waafrika yalifungwa na Oneko akakamatwa pamoja na Kenyatta. Kwa muda, hata hivyo, mama muuza samaki wa Nyanza alikuwa na kipande chake cha mashine iliyomsumbua gavana.

Na kuna mwanamke ambaye vijana wengi wa hapa hawamjui, Asenath Bole Odaga. Mwaka huo huo wa 1982, watu wakificha Pambana chini ya godoro, yeye alifungua hapa Kisumu duka la vitabu, Thu Tinda, na shirika la uchapishaji, Lake Publishers. Thu tinda ni maneno ya kufungia hadithi kwa Dholuo. Alichapa vitabu vya watoto, riwaya, ngano, na baadaye kamusi. Hakuna askari aliyehitaji kuogopa kamusi. Lakini mtu anayeamua kwamba kitabu cha Dholuo kinaweza kuandikwa Kisumu, kuchapishwa Kisumu na kuuzwa Kisumu bila kuomba ruhusa ya mji mkuu, huyo kwangu ni mwanamapinduzi sawa na wale wa chini ya godoro. Alifariki 2014.

Tulipokutana Nyalenda nikawaambia wenzangu: shida yetu si jamaa wa fotokopi. Shida ni kwamba mashine ni yake, na hofu ni yake pia, kwa hiyo ana haki ya kukataa. Tukajichanga bob 1,500 kila mtu. Halafu tukawaendea waliowahi kununua vijitabu vyetu tukawaomba 200 za mapema, nao watapata toleo la tatu na la nne. Watu 40 walitoa. Tukapata 21,500, tukanunua fotokopi kuukuu, nyeusi na nyeupe, inayolia kama trekta. Tona yake ni ghali na karatasi ikiwa na unyevu inakwama. Lakini ni yetu.

Hapo ndipo kazi ngumu ilianza, kwa sababu sasa hakukuwa na wa kutukatalia ila sisi wenyewe. Je, tuweke majina ya waliokufa? Mwenzetu mmoja alisema bila majina tutakuwa tunarudia hesabu ya serikali. Mwingine akauliza nani alitupa ruhusa. Tulibishana hadi mwenye nyumba akazima taa.

Mimi nilitumwa Kondele kwa mama mmoja ambaye kaka yake hakurudi siku ile. Yeye alikuwa na miaka 9. Alinisikiliza, akanimiminia chai, akauliza mashine ni ya nani. Nikamwambia ni yetu, iko kwenye sebule Nyalenda.

"Nyathina," akasema, "kama ni yenu, basi mwandikie kama watu wengine. Aliyezaliwa, aliyesoma, aliyefariki. Hakuwahi kuandikiwa."

Nikaelewa anachotaka. Programu.

Kurasa nne za mwisho za toleo la tatu tulizipanga hivyo, kama programu ya matanga. Familia tatu zilikubali. Wawili hawana picha, kwa hiyo fremu zao ziko tupu. Kaka wa yule mama alikuwa fundi wa baiskeli, alipenda mpira, alimwacha dada mmoja. Hayo ndiyo yote anayokumbuka, nasi hatukuongeza. Familia nyingine zilisema hapana, bado. Hatukuwasukuma. Kwa ajili yao tuliacha mistari mitupu, na chini tukaandika kwamba mwenye jina anaweza kulijaza kwa mkono wake, kwenye nakala yake, ikae nyumbani kwake.

Tulichapa 200. Yule jamaa wa fotokopi alinunua moja, akaikunja akaiweka ndani ya daftari la madeni, chini kabisa.

Maandiko ya siri ya miaka ya 1980 leo yanasomwa mchana kweupe katika Ukombozi Library, Nairobi, kwa sababu kuna watu walioyaficha badala ya kuyachoma. Simlaumu dani, alikuwa akimwokoa mtoto, akafaulu. Ila nikimpelekea kijitabu, alikipapasa jalada, akaniomba nimsomee kurasa za mwisho pole pole. Nilipofika kwenye mistari mitupu nikanyamaza. Akauliza mbona nimenyamaza. Nikamweleza.

Akataja majina mawili. Akasema niyaandike kwa kalamu, si penseli.

Kijitabu hicho kiko kwake, ndani ya sanduku, pamoja na kitambulisho. Toleo la nne litatoka tukipata tona.