Kwenda Mtae kwa Pikipiki Ndefu

Nilipokuwa Korogwe nilifanya kazi ya ugani kwa Boxer ya cc 150, na ilinitumikia vizuri. Barabara za kule hupita katikati ya mashamba ya mkonge, zimenyooka, na shimo unaliona kabla hujalifikia. Kisha ukaja uhamisho wa Lushoto. Huko mashamba yamelala kwenye miteremko. Mkulima wa viazi unamwona kwa macho ng'ambo ya bonde, lakini njia ya kumfikia inazunguka mlima mzima. Udongo ni mwekundu, na ukilowa unateleza kama sabuni. Boxer ina magurudumu ya inchi 17 na tumbo lililo karibu na ardhi, nami nilijua haitanifikisha. Nilihitaji kupanda daraja: pikipiki kamili ya njia mbovu, ile ambayo wengi huku kwetu huiita XL hata kama jina lake ni jingine.

Nilipoanza kuulizia, kila mazungumzo yalianzia kwenye miguu yangu. Muuzaji mmoja alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni, akasema, “Dada, hizo ndefu hazikufai. Chukua hii ndogo, hata sketi inakubali.” Hakuniuliza ninakwenda wapi, wala nabeba nini, wala barabara ikoje. Wa pili naye alinishauri nimwachie mume wangu achague.

Nina urefu wa sentimita 163, na sikatai kwamba urefu una maana. Ila nina neno la kusema kuhusu mpangilio wa maswali. La kwanza ni barabara. La pili ni uzito: ikianguka mahali pasipo na watu, nitaiinua? La tatu ni fundi na spea. Urefu wa siti unakuja baada ya hayo, tena una dawa zake. Safari yangu ya kwanza ya kwenda Mtae, kijiji cha milimani, ndiyo iliyonipa hakika ya mpangilio huo.

Nilikuwa nimebakiwa na pikipiki mbili za kuchagua, zote za Honda. Moja ni XR150L. Siti yake iko milimita 825 kutoka chini, uzito wake ni kama kilo 129, tangi linachukua lita 12, na injini inapozwa na upepo. Ina kabureta, ina selfu na kiki, kwa hiyo betri ikifa hulali porini. Gurudumu la mbele ni inchi 19, la nyuma 17. Nyingine ni CRF250L, iliyotoka mwaka 2012. Siti yake iko milimita 875, uzito ni kama kilo 144, tangi ni dogo, lita 7.7 tu, injini inapozwa kwa maji, na mafuta yanapulizwa kwa mfumo wa kompyuta badala ya kabureta. Haina kiki. Lakini gurudumu lake la mbele ni inchi 21 na la nyuma 18, na tumbo lake liko zaidi ya sentimita 25 juu ya ardhi. Tofauti ya sentimita tano kwenye siti na kilo 15 kwenye mizani ndiyo iliyokuwa ikiwatia watu hofu kwa niaba yangu.

Bwana mifugo mwenzangu anamiliki XR. Mwenye kuuza CRF, aliyeitumia miaka michache, alikubali niijaribu kabla ya kulipa, mradi fundi wa Mombo tunayemfahamu sote awe shahidi. Mimi na bwana mifugo tukapatana kwenda Mtae pamoja na kubadilishana pikipiki njiani. Leseni yangu nilikuwa nimeshaishughulikia: A1 ni ya pikipiki ndogo, na anayevuka cc 125 anahitaji daraja A.

Fundi wa Mombo ni mzee ambaye mikono yake imepita kwenye pikipiki za aina zote, kuanzia AG100 za miradi ya kilimo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akailaza CRF kwenye majani kando ya gereji yake. “Binti yangu, funguo utazipata ukishaiinua.” Akanionyesha namna: hakikisha imezimwa, iingize gia ya kwanza isije ikatembea, geuza usukani, ipe mgongo, chuchumaa makalio yakiegemea siti, shika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mwingine, kisha rudi nyuma kwa hatua fupi fupi, miguu ifanye kazi badala ya kiuno. Iliinuka. Akailaza upande wa pili. Kabla ya kuanza nikatoa stendi ya pembeni, isije ikaniangukia ng'ambo, nayo ikainuka tena. Kilo 144 ninaziweza, na kulijua hilo kabla ya kuondoka kulinipa utulivu ambao hakuna muuzaji angeweza kunipa.

Ndipo akanipandisha. Ukitazama siti ya milimita 875 ukiwa umesimama chini, inatisha. Ukiikalia, springi zinazama kwa uzito wako na siti inashuka sentimita kadhaa. Akalegeza kidogo springi ya nyuma, kwa kuwa mimi ni mwepesi kuliko mwenye nayo. Miguu yote miwili kwa pamoja iligusa kwa ncha za vidole tu. Akacheka kwa upole. “Nani kakuambia usimamie miwili? Sogeza kalio upande wa kushoto, teremsha mguu wa kushoto, wa kulia uache kwenye breki.” Nikasogea, na unyayo wa kushoto ukatua hadi karibu na kisigino. Hivyo ndivyo wanavyosimama waendeshaji wa pikipiki ndefu, wake kwa waume.

Kutoka Mombo barabara ya lami inapanda kwa kona kali hadi Soni, bonde likiwa upande mmoja na ukuta wa mwamba upande mwingine. Nilianza na XR. Ni pikipiki ya kirafiki: inageuka upesi, miguu inafika, haikushtui. Malori ya mboga yalikuwa yakishuka, mabasi madogo yakipiga honi kwenye kona, nayo ikapita katikati yao bila wasiwasi. Kwa lami peke yake ningelipa siku ile ile. Tulifika Lushoto tukanywa chai, tukajaza mafuta, tukaendelea kupanda kuelekea Magamba, ambako msitu wa hifadhi unasogea hadi barabarani na ukungu unalowesha kioo cha kofia ngumu. Kadiri tulivyopanda, XR yenye kabureta ilizidi kupumua kwa shida, wakati CRF yenye kompyuta ilijirekebisha yenyewe kwa hewa nyepesi ya juu.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Lami ilipokwisha tulikuta tope lililochorwa mifereji na magurudumu ya malori, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa hesabu za magurudumu. Gurudumu dogo likikuta jiwe au ukingo wa mfereji linaugonga kwa uso, na usukani unarushwa mikononi. Gurudumu kubwa linakutana na jiwe lile lile kwa pembe ya chini zaidi, linalipanda na kulivuka. Kwenye XR nilifanya kazi kwa mabega. Kila jiwe lilikuwa na neno nami, na shokapu zilifika mwisho kwenye mashimo makubwa. Mwenzangu, akiwa mbele na CRF, alipita mle mle akiwa amesimama kwenye vikanyagio, magoti yamekunjwa kidogo, pikipiki ikichezacheza chini yake huku mwili wake umetulia.

Lukozi tulikuta soko limechangamka: magunia ya viazi, kabichi, karoti zilizooshwa, mapeasi kwenye madeli. Tulibadilishana pale, mbele ya watu. Bibi mmoja aliyekuwa akiuza maharage aliniita. Nikamwamkia shikamoo.

“Marahaba, mjukuu wangu. Hiyo miguu inafika chini?”

“Mmoja unafika, bibi.”

“Mmoja unatosha. Ule mwingine wa kuendeshea.”

Hakuwahi kuendesha pikipiki, lakini alisema alichosema fundi. Tukiwa tunakula mahindi ya kuchoma, nilimsimulia mwenzangu habari ya Theresa Wallach na Florence Blenkiron, wanawake wawili wa Kiingereza walioondoka London Desemba 1934 kwa pikipiki ya Panther ya cc 600 yenye kigari cha pembeni na tela nyuma, wakavuka Sahara, wakapita Afrika Mashariki, wakafika Cape Town Julai 1935. Miongo saba baadaye Lois Pryce, Mwingereza mwingine, aliifuata safari ya London hadi Cape Town kwa Yamaha TTR250, akipitia Kongo. Kabla ya hapo alikuwa ameshuka kutoka Alaska hadi kusini mwa Argentina kwa Yamaha Serow ya cc 225, nyepesi na fupi zaidi. Yeye naye alianza na ndogo akapanda. Na mwaka 2015 Laia Sanz wa Hispania alimaliza mashindano ya Dakar akiwa wa 9 kati ya waendeshaji wote wa pikipiki. Mwenzangu aliuliza kama wote hao walikuwa warefu. Nikamjibu kwamba walikuwa na mazoezi.

Kutoka Lukozi kuelekea Sunga niliendesha CRF. Mwanzo nilikaa, mikono imekaza, nikihisi urefu wote wa ile pikipiki. Kisha nikasimama kwenye vikanyagio, nikabana tangi kwa magoti, nikalegeza viwiko, na ule urefu ukatoweka. Uzito wako ukiwa kwenye vikanyagio, siti haina kazi, na swali la miguu kufika chini linasubiri hadi utakaposimama. Gurudumu la mbele liliingia kwenye mifereji na kutoka bila kunipokonya usukani. Mawe yaliyokuwa yakinipiga mikononi sasa niliyahisi kwenye nyayo tu.

Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa mteremko wa tope, mfinyanzi mtupu, korongo upande wa kulia. Pale CRF ilinidai adabu. Niliingiza gia ya kwanza, nikaachia klachi kabisa, nikaiacha injini ishike mwendo, breki ya nyuma naigusa tu na ya mbele siigusi isipokuwa kwa kidole kimoja mahali penye changarawe. Macho niliyapeleka mwisho wa mteremko, sikuyapeleka korongoni, maana pikipiki hufuata macho. Nusu ya njia, vijana wa bodaboda walikuwa wamesimama wakisukumana na pikipiki zao zenye tairi za kashata zilizokwisha. Nililazimika kusimama katikati ya mteremko. Nilichagua upande ulioinuka, kalio likaenda kushoto, mguu ukatua kwenye ukingo wa juu wa barabara, nikangoja. Mtu mfupi kwenye pikipiki ndefu hujifunza kuona mahali pa kusimama kabla ya kusimama: jiwe, ukingo, kifusi. Ni tabia njema hata kwa mrefu.

Mtae imekaa kwenye ncha ya milima. Ukifika mwisho wa kijiji, ardhi inakatika, na chini yako kuna nyika ya Mkomazi imetandazwa hadi Kenya, milima ya Upare kushoto. Tulikaa pale na wakulima tuliokwenda kuwaona, tukazungumzia mbegu za viazi na ugonjwa wa mnyauko, kazi ambayo ndiyo iliyonifanya nitafute pikipiki. Mama mmoja alisema afisa ugani wa mwisho waliyemwona kipindi cha mvua ni yule waliyemtembelea wao wenyewe mjini. Kauli ile ilimaliza mjadala uliobaki ndani yangu. Pikipiki ninayohitaji ni ile itakayofika Mtae mvua ikinyesha, ikanifikisha nikiwa na nguvu za kufanya kazi na za kurudi.

Nilinunua CRF. Tangi dogo halikunizuia, kwa sababu kwenda Mtae na kurudi Lushoto hakulimalizi, na kwa safari ndefu nabeba kidumu. Kukosa kiki kunanidai nitunze betri. Spea zake si za kila duka kama za Boxer, basi nanunua mapema kebo, plagi, kichujio cha mafuta na wenzo wa klachi, navyo hukaa kwenye mfuko chini ya keria. Mtu wa viti alinichongea sponji ya siti ikashuka karibu sentimita mbili na nusu na kuwa nyembamba mbele, pale mapaja yanapopita. Nilikataa kuishusha kwa kubadilisha viungo vya shokapu, kwa kuwa kinachopungua pale ni nafasi ya tumbo juu ya mawe, na nafasi hiyo ndiyo niliyoilipia.

Simwambii kila mwanamke anunue 250. Muuguzi anayezunguka vijiji vya barabara ya changarawe, mwalimu anayetaka kuwasha kwa kiki asubuhi ya baridi na kumpata fundi popote, atahudumiwa vizuri na XR150L, tena kwa gharama ndogo. Ninachoomba ni kwamba aulizwe barabara yake kabla ya kuulizwa miguu yake. Na yeye mwenyewe, kabla hajatoa pesa, ailaze pikipiki chini aiinue, avae viatu vinavyopita kifundo, aende nayo pamoja na mtu anayemwamini kwenye njia mbaya kuliko zote anazozipita kikazi, wabadilishane pikipiki njiani. Akirudi, atakuwa anajua, na muuzaji hatakuwa na la kumwambia.