Nilimhubiria, Sikumwuliza

Mimi si mtu wa sinema. Baada ya zamu ya usiku na kikao cha akina mama kanisani, kinachobaki ni kulala. Lakini Jumamosi moja binti yangu aliniita nikae naye mbele ya kompyuta yake. "Mama, huyu anafanana na mjomba," alisema. Hakucheka, nami sikucheka.

Sinema hiyo inaitwa Factotum. Ilitoka mwaka 2005, ikaongozwa na Bent Hamer wa Norway na kupigwa katika jimbo la Minnesota, Marekani. Matt Dillon anaigiza Henry Chinaski, mwanamume anayetaka kuwa mwandishi. Anapewa kazi ya kupeleka barafu kwenye baa. Anaketi humo humo kunywa, anafukuzwa. Anahamia kiwanda cha matango ya siki, kisha ghala la vipuri vya baiskeli. Kote hadumu. Anaporudi kwao, baba yake anamtimua. Hata hivyo hadithi zake anaziandika kwa mkono na kuzituma kwa mchapishaji. Niwaambie mapema: si ya kutazama na watoto, ina matusi na mambo ya chumbani.

Kuna asubuhi moja anaamka, anatapika, kisha anafungua bia. Hiyo ndiyo tunayoiita ya kuzimua. Wengi huicheka. Muuguzi haicheki. Mtu akifika mahali ambapo asubuhi mikono inatetemeka mpaka anywe, mwili wake umeshafungwa.

Sinema imetokana na riwaya ya mwaka 1975 ya Charles Bukowski, aliyeyaishi mengi ya hayo. Katikati ya miaka ya 1950 alilazwa Los Angeles akitokwa damu kwa vidonda vya tumbo, akanusurika kufa. Alitumikia posta kwa zaidi ya miaka kumi, akaiacha mwaka 1969, akiwa na umri wa miaka 49, mchapishaji alipomwahidi dola 100 kila mwezi ili aandike. Alifariki mwaka 1994 kwa saratani ya damu. Wapo wasemao pombe ndiyo iliyompa kipaji. Mimi naona aliandika ingawa alikunywa. Yeye alinusurika, ndiyo maana tunavisoma vitabu vyake. Waliokunywa kama yeye wakafia wodini, madaftari yao hayajulikani yalipo.

Hapo nikamkumbuka mdogo wangu. Amekuwa utingo wa lori, mlinzi, kibarua wa ghala la saruji. Kila anapohama, kitu kimoja hakiachi: daftari la kaunta lililofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Tulimwita mvivu. Mwaka mmoja nilimshika mkono nikampeleka mbele ya kanisa, akaapa kutokunywa tena. Siku ya pili usiku alianza kutetemeka, jasho likimtoka, akizungumza na watu wasiokuwapo. Nilijua ni nini. Lakini niliona aibu kumpeleka mahali wauguzi wenzangu wangemwona. Nikakaa naye nyumbani nikiomba, mpaka aliposhikwa na kifafa kabla ya alfajiri. Ndipo nikatafuta gari. Mungu alimponya, lakini uzembe ule ulikuwa wangu.

Akina mama wenzangu, sikieni. Mtu anayekunywa sana kila siku asiachishwe kwa ghafla nyumbani. Anaweza kufa. Mpelekeni hospitali, zipo dawa za kumtuliza, na vitamini B1 ya kuukinga ubongo. Maombi yaende pamoja naye njiani, yasimzuie mlangoni.

Wodini, mgonjwa nisiyemjua namwuliza kwa upole: unakunywa kiasi gani, tangu lini, ukikosa unajisikiaje? Ndugu yangu wa tumbo moja sikuwahi kumwuliza hata moja. Nilimhubiria tu. Katika Luka 15 tunapenda kumsema mwana mpotevu. Mimi nilijikuta ni yule kaka yake, aliyesimama nje kwa hasira huku ndani mezani watu wanakula.

Juma lililofuata nilimpigia simu aje kula. Alikuja, amekunywa, lakini si sana. Baada ya chakula nikasema, "Nisomee unachoandika." Alinitazama kwa muda mrefu. "Dada, leo umeamkaje?" Kisha akalifungua daftari, akasoma habari za mama yetu akipepeta mchele uani siku ya mvua. Nilikuwa nimeisahau siku hiyo.

Hajaacha pombe, na siwezi kuwadanganya. Lakini amekubali kwenda kwa daktari, na safari hii ni hospitali ile ile ninayofanya kazi. Nitaingia naye mlango wa mbele, nikiwa nimevaa sare yangu. Tuombeeni.