Kifua cha Zamu

Mtoto wa dada yangu alizaliwa wiki ya 31, kilo 1.4. Hospitalini walitufundisha kangaruu: mtoto akae kifuani, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Njia hii ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, mashine za kuwapa watoto joto zilipokuwa chache.

Wanasema haina gharama. Njoo Silibwet uone. Chai hulipwa kwa kilo, na mwenye mtoto kifuani hachumi. Shemeji akaanza kuhesabu siku. Mama mkwe akauliza huyu dada anapumzika mpaka lini.

Tukagawana zamu. Mimi niliyeacha chuo, "yule hana kazi", nikachukua mchana. Dada akachuma karibu, akirudi kunyonyesha.

Na nyumba isiyo na mtu asiye na kazi?