Kumbukumbu za Wilford Woodruff: Mmisionari na Msukumo wa Roho, 1835–1840

Katika kizazi cha kwanza cha wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi huwajua kwa jina la Wamormoni, ni wachache walioacha maandishi mengi kumshinda Wilford Woodruff, msaga nafaka wa Connecticut aliyezaliwa mwaka 1807, akabatizwa tarehe 31 Desemba 1833 katika maji ya baridi kali, na kuendelea kuandika shajara, yaani daftari la matukio ya kila siku, hadi karibu na kifo chake mwaka 1898. Mwaka 1881 sehemu ya kumbukumbu hizo ilitolewa katika kitabu kidogo cha vijana kiitwacho Leaves from My Journal, na anayekisoma kwa mfululizo huona badiliko ambalo mwandishi mwenyewe halitaji waziwazi: mmisionari aliyeanza kwa kuongozwa na ndoto na matukio ya kutisha aliishia kuridhika na agizo fupi lililomjia moyoni katikati ya ibada ya kawaida.

Msukumo wa Roho, kwa maana inayotumiwa na waumini hao, ni wazo au hisia ambayo mtu huamini kuwa imetoka kwa Roho Mtakatifu ili kumwelekeza atende jambo fulani au aliache. Mafunuo ambayo Joseph Smith, mwanzilishi wa Kanisa hilo, aliyatoa mwaka 1829 kwa ajili ya mwandishi wake, Oliver Cowdery, yalifundisha kwamba msukumo huo hugusa akili na moyo kwa pamoja, na kwamba anayeuomba sharti kwanza alitafakari jambo lake mwenyewe badala ya kungoja jibu huku amekaa tu. Kwa wamisionari wa wakati wa Woodruff fundisho hili lilikuwa na uzito wa kila siku, kwa sababu mara nyingi walitumwa bila mshahara na bila ratiba, wakisafiri pasipo mfuko wala mkoba kama wanafunzi wa Yesu katika Injili, hivi kwamba swali la kupita njia ipi, kulala kwa nani na kuondoka lini halikuwa na ofisi ya kulijibu.

Safari yake ya kwanza ilianza Januari 1835, alipotumwa Arkansas na Tennessee pamoja na Harry Brown, akiwa na cheo cha kuhani, ambacho ni daraja la chini katika ukuhani wa Kanisa hilo. Anasimulia kwamba huko Arkansas aliota ndoto ambamo malaika alimwongoza hadi katika nyumba iliyojaa nyoka, na nyoka mkubwa kuliko wote akamrukia na kufa miguuni pake. Kisha wakafika kwa mtu mmoja, Akeman, aliyekuwa ameiacha imani na kuwachukia waumini. Mwenzake alitaka waondoke, lakini Woodruff alihisi kwamba ametakiwa kubaki na kumwonya mtu huyo, naye akabaki, hata siku moja Akeman alipomfuata kwa hasira akaanguka na kufa mbele yake. Uongozi wa namna hii haukumwachia kijana nafasi ya kujiuliza, kwa kuwa ndoto ilitangulia na tukio likaithibitisha.

Mwaka 1837 mambo yalikuwa tofauti. Mji wa Kirtland, jimboni Ohio, makao ya Kanisa wakati huo, ulikuwa katika msukosuko wa madeni na mafarakano, na Woodruff alikuwa ndiyo kwanza ameoa, alipohisi kwamba anaambiwa achague mwenzi na kwenda katika visiwa vya Fox, karibu na pwani ya Maine, ambavyo hakuwa akivijua hata kidogo. Safari hii hapakuwa na malaika wala nyoka. Palikuwa na jina la mahali tu. Alimchagua Jonathan Hale, wakaondoka mwishoni mwa Mei, wakafika visiwani tarehe 20 Agosti, na tarehe 3 Septemba nahodha mmoja wa meli akabatizwa pamoja na mkewe. Uthibitisho ulikuja, lakini ulichelewa kwa miezi kadhaa ya kutembea, na katika miezi hiyo alikuwa na agizo tu la kutegemea.

Mtihani mgumu zaidi ulikuwa Uingereza, kwa sababu huko msukumo ulimtaka aache kazi iliyokuwa ikifanikiwa. Alifika Liverpool Januari 1840, akiwa sasa mmoja wa Mitume Kumi na Wawili, baraza la uongozi la Kanisa, akaenda kuhubiri katika eneo la wafinyanzi la Staffordshire, ambako watu walihudhuria kwa wingi na ubatizo uliendelea. Jioni ya tarehe 1 Machi, siku alipotimiza miaka 33, akiwa katika mkutano mjini Hanley, alihisi akiambiwa kwamba huo ndio mkutano wake wa mwisho na watu hao kwa siku nyingi, na alipoomba kujua aende wapi akajibiwa kwamba aelekee kusini. Agizo halikutaja kijiji wala mtu. Aliyelijaza alikuwa mwenyeji wa Hanley, William Benbow, ambaye ndugu yake John alikuwa mkulima mkubwa huko Herefordshire; William akakubali kumsindikiza, na tarehe 4 Machi wakafika katika shamba la John, kijijini Castle Frome. Hapa panaonekana ukomavu, kwa kuwa Woodruff hakudai kwamba Roho alimwonyesha kila kitu, bali aliunganisha alichokihisi na alichoambiwa na mtu anayeifahamu nchi.

John Benbow na jirani zake walikuwa wa United Brethren, jumuiya ya takriban watu 600 waliojitenga na Wamethodisti na ambao, kwa maelezo ya Woodruff, walikuwa wakiomba waongezewe nuru. Siku iliyofuata kuwasili kwake alihubiri, na jioni ya pili akahubiri tena na kubatiza watu sita. Kesho yake alitumia sehemu kubwa ya siku akisafisha bwawa la shambani na kulitengeneza kwa ajili ya ubatizo wa wengine ambao bado hawakuwa wameomba kubatizwa. Kazi hiyo ya mikono inaeleza hali ya imani yake kuliko sifa yoyote, kwa sababu mwenye shaka hahangaiki kuondoa tope kwa ajili ya wageni asiowajua. Konstebo aliyetumwa na kasisi wa parokia kumkamata akaishia kubatizwa, na kwa hesabu ya Woodruff mwenyewe waongofu wa eneo lile na jirani zake walifikia takriban 1,800 katika muda wa miezi minane.

Hata hivyo, msomaji makini hana budi kutofautisha shajara na kitabu. Shajara ya Machi 1840 inalitaja agizo la kwenda kusini kwa maneno machache, ilhali kitabu cha 1881, kilichoandikwa na mtu wa zaidi ya miaka 70 aliyekwisha kuyaona matokeo, kinalipanua na kulipanga ili liwafunze vijana. Kumbukumbu ya namna hiyo huchagua misukumo iliyozaa matunda na kuyaacha majuma ya kutembea bila kusikia lolote, na kwa hiyo haiwezi kumthibitishia mgeni kwamba kila hisia ni sauti ya Mungu. Inachoweza kuonyesha ni jinsi imani ya mtu huyu ilivyojengwa: alihisi, akatenda kabla ya kupata uhakika, akaandika, na baada ya muda akarudi kuyasoma aliyoyaandika, hivi kwamba kila safari ikawa ushahidi wa kuikabili inayofuata.

Mwaka 1890, akiwa Rais wa Kanisa, alitoa tamko la kusitisha ndoa za wake wengi, akieleza kwamba Mungu alimwonyesha yatakayowapata watu wake wasipoziacha. Kwa mara hiyo haikutosha yeye mwenyewe kuuamini msukumo, kwa sababu maelfu ya familia zilitakiwa kubadili maisha yao kwa neno ambalo hazikulisikia zenyewe, na walioamua kumfuata walimtegemea mtu ambaye kwa zaidi ya nusu karne alikuwa amewasimulia jinsi alivyotii na yaliyotokea baadaye.