Mia mbili kwa ukurasa

Huku Matogoro mvua imeanza, matope mpaka mlangoni, na ile baridi ya mlimani haina adabu kabisa. (Kwa msiojua, mto Ruvuma unaanzia kwenye milima hii iliyo nyuma ya geto letu. Ndiyo maana maji yakikatika huwa tunajicheka wenyewe.)

Leo tuongee hela ya karatasi. Kuna watu wanasema siku hizi kila kitu ni PDF, karatasi zimekufa. Waje huku waone. Notsi zinakuja kwa WhatsApp, sawa, lakini asaimenti lazima imfikie mwalimu mkononi: imeprintiwa upande mmoja tu, nafasi ya mistari moja na nusu, kava ya rangi, halafu ifungwe kwa springi. Kha!

Maktaba ya chuo wanaprinti kwa 150 ukurasa, steshenari ya nje 200. Ukiangalia haraka utasema maktaba ni nafuu. Sasa nenda. Hawapokei hela taslimu, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu na makato juu yake, unarudi na meseji, unakuta mashine ni moja na foleni imefika kwenye magazeti. Asaimenti inatakiwa saa nane mchana. Utasubiri? Ndiyo maana wote tunaishia kwa mama wa steshenari. Yeye anasema tusilalamike, kabla ya 2018 Songea haijaunganishwa na gridi ya taifa umeme ulikuwa wa majenereta ya dizeli, unakatika apendavyo, na ukikatika yeye anawasha kajenereta kake na bei inapanda hapo hapo.

Basi nikakaa na kalamu. Asaimenti ya kurasa 14 ni 2,800. Kava ya rangi 500, springi 1,500. Jumla 4,800. Masomo saba, kila somo asaimenti mbili, ni 67,200 kwa semista, 134,400 kwa mwaka. Mimi Bodi ya Mikopo wamenipangia 200,000 ya vitabu na viandikwa kwa mwaka mzima, kwa hiyo vitabu vinabakiwa na 65,600, na madesa ya kukopi bado sijayagusa. Na mimi ndiye mwenye nafuu! Bumu langu la kula ni 10,000 kwa siku, maana 2022 walipandisha kutoka 8,500.

Kuna dada mmoja darasani kwetu, wa Namtumbo, hana mkopo hata senti. Anasomeshwa na mahindi ya nyumbani. Asaimenti ya kwanza aliandika kwa mkono, mwandiko kama umechapwa, kurasa 20. Ikarudishwa bila kusomwa. Ya pili aliitaipu kwenye simu, akafika steshenari, akauliza bei, akatoka. 4,800 kwake ni chakula cha siku mbili. Sasa jamani, asaimenti ni alama za kosiweki, na kosiweki ikipungua huingii kwenye UE. Mtu anaweza kukosa mtihani kwa sababu ya springi?

Kwa kuwa mimi ni CR, nikamfuata mwalimu ofisini na ile hesabu yangu. Nilijiandaa kwa vita. Akaisoma, akanyamaza, akasema, "Springi hata mimi zinanisumbua, hazipangiki mezani. Haya masharti niliyakuta." Akaruhusu nafasi ya mstari mmoja, pande zote mbili, bila kava, pini moja tu kwenye kona.

Tukakimbilia steshenari tukishangilia. Mama akasema pande mbili haipunguzi kitu kwake, yeye anahesabu wino, siyo karatasi, teh teh teh. Lakini kubana mistari kumeshusha kurasa 14 kuwa 10, kwa hiyo tunalipa 2,000 badala ya 4,800. Akatuangalia, "Wanangu, mnaniua na biashara yangu." Ila pini hakututoza.

Yule dada amewasilisha jana, na ile ya mkono imepokelewa upya.

Kesho saa nne naenda kwa mwalimu wa somo la pili. Huyo kava anataka iwe ya bluu, bluu ileile. Niombeeni.