Mwizi wa Kuku wa Mama

Ndugu msomaji, kama unafuga kuku uani kwako, iwe Musoma mjini, Mwanza au Manzese, hapana shaka umekwisha kuamka asubuhi moja ukayakuta manyoya yametapakaa mlangoni pa banda. Hasira ya asubuhi hiyo haina mfano. Aliyeibiwa baiskeli huenda kituoni akaandikisha. Aliyeibiwa mtetea na mnyama wa porini hana wa kumshitaki, na kwa hiyo yeye mwenyewe huwa askari, hakimu na mnyongaji kwa wakati mmoja. Mimi niliwahi kuvishika vyeo hivyo vyote vitatu katika muda wa siku mbili, na sikuvishika vizuri.

Nilikuwa nimetoka Mwanza, ninakofanya kazi kiwandani, kwenda Nyegina kumwangalia mama wakati wa likizo yangu ya mwaka. Nyegina si mbali na Musoma mjini. Ni nchi ya majabali. Mawe makubwa yamepandana vilimani kana kwamba mtu aliyapanga kwa mkono, na katika mianya yake wanaishi pimbi, nyoka, nguchiro, vicheche na kanu. Sisi tuliokulia huko tuliwahesabu wote hao kuwa majirani, ingawa si majirani wa kuazimana chumvi.

Mama alikuwa na kuku 14. Kwa mtu wa mjini hiyo si mali ya kutajwa. Kwake yeye kuku hao ndio waliokuwa benki: mmoja ni sare ya mjukuu, mwingine ni nauli ya kwenda hospitali, na jogoo ni heshima ya mgeni. Usiku wa tatu wa likizo yangu wakafa watano. Lililoniuma zaidi ni kwamba hawakuliwa. Mmoja tu ndiye aliyetoweka. Wanne walilala chini, shingo zimeng'atwa, kana kwamba aliyewaua alikuwa akicheza.

Majirani wakaja kutupa pole, na kila mmoja akaja na hukumu yake. Mzee wa nyumba ya pili, ambaye mimi humwita baba mdogo, alisema ni nguchiro, maana alikuwa amewaona kundi zima wakikatiza shambani kwake jana yake. Shangazi akasema ni kicheche, ijapokuwa hakuna aliyeinusa harufu yake, na harufu ya kicheche haihitaji kutafutwa. Mchana ule ule vijana wakamfukuza nguchiro mmoja hadi jabalini, wakamponda kwa mawe. Nami nilirusha langu. Tukarudi nyumbani tumeridhika. Usiku ule wakafa kuku wawili wengine.

Hapo ndipo ningepaswa kufikiri. Nguchiro wanaotembea kwa makundi ni wanyama wa mchana; jua likizama huingia mashimoni wakalala. Kutwa nzima hufukua ardhi wakitafuta mende na jongoo, na ingawa hawatakiacha kifaranga au yai wakilikuta, kuku wetu walikuwa wamekufa usiku wa manane. Tulikuwa tumemhukumu mtu aliyekuwa amelala kwake.

Badala ya kufikiri, nikaenda kwa baba mdogo kuomba dawa ya pamba. Mkoa wa Mara ni mkoa wa pamba, na dawa ya kuulia wadudu wake haikosekani katika nyumba za wakulima. Nikatoboa yai kwa sindano ya kushonea magunia, nikatia matone ya dawa, nikaziba tundu kwa ugali, na jioni nikaliweka nyuma ya banda. Mama alisimama mlangoni akanitazama, asiseme neno.

Asubuhi yai halikuwapo. Nilifurahi, ndugu msomaji, nilifurahi kama mtoto. Nikaenda kutafuta mzoga majanini. Nikiwa huko nikaisikia sauti ya mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka minne, ambaye kazi yake katika nyumba ile ni kuokota mayai. Alikuwa jikoni, amempelekea bibi yake yai kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa. "Bibi, hili limetagwa nje," alisema. Mama alikuwa amekwisha kubandika kikaango.

Ni yeye aliyekiona kile kidoa cha ugali. Aliliweka yai chini polepole, akamshika mtoto, akamwosha mikono kwa sabuni, akarudia, akarudia tena. Kisha akanigeukia. "Mwanangu," alisema, "mnyama alikuja kuchukua kuku. Wewe ulikuja kuchukua nini?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Yai nililifukia mbali na kisima, chupa nikamrudishia mwenyewe.

Wala siwezi kujitetea kwamba sikujua. Mto Mara, unaomwaga maji yake ziwani hapo karibu na Musoma, hutoka Kenya na kupita katika hifadhi ya Masai Mara. Huko, mwezi wa Desemba 2015, watu walioliwa ng'ombe na simba walitia sumu mzoga wa ng'ombe. Simba walikufa, na tumbusi walioshuka kula wakafa pamoja nao. Mwezi wa Aprili 2018, katika hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda, walikufa simba 11 kwa sumu, na wanane kati yao walikuwa watoto. Habari hizo nilizisoma nikatikisa kichwa, nikasema watu wana ukatili. Ng'ombe wao walikuwa na thamani kupita kuku wetu mara nyingi. Hata Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, ambayo humwachia mwananchi nafasi ya kujitetea yeye na mali yake, imekataza uwindaji wa sumu.

Usiku uliofuata tulikesha, mimi na baba mdogo, yeye na mkuki wake, mimi na tochi. Kiasi cha saa nane tukamwona. Alikuwa kanu: mwembamba kama paka mwenye njaa, ana madoa mwilini, na mkia mrefu wenye pete nyeusi. Baba mdogo aliinua mkuki. Nikamshika mkono, si kwa huruma, bali kwa sababu nilitaka kuona anapita wapi. Alipanda ukuta, akajipenyeza katika pengo lililo kati ya ukuta na paa, upana wa ngumi yangu. Tulipopiga kelele akatoka papo hapo akatokomea mawemawe.

Pengo lile nililifahamu. Banda lile nililijenga mimi, likizo ya mwaka uliotangulia, nikalimaliza kwa haraka kwa kuwa nilikuwa nawahi basi.

Tulilijenga upya kwa siku mbili. Mapengo yote tuliyafunika kwa wavu wa waya wenye matundu madogo, chini tukazungushia mawe yaliyofukiwa asiweze kuchimba, na mlango ukapata komeo. Mama huufunga kabla giza halijaingia. Mchana vifaranga hukaa chini ya tenga, maana mwewe naye yupo, na mwewe hakamatwi kwa wavu.

Sisemi kwamba mnyama asiuawe kamwe. Swila akiingia chumbani walimolala watoto, sitamwuliza anakwenda wapi. Na kanu angalikutwa ndani ya banda lililofungwa vizuri, akang'ang'ania kurudi, nisingaliushika tena mkono wa baba mdogo. Lakini hasira yetu nayo ina upendeleo. Kiangazi kimoja mdondo ulimmalizia mama kuku karibu wote kwa muda wa wiki moja, wala hakuna aliyeokota jiwe. Chanjo yake ni tone moja la jichoni kila baada ya miezi mitatu, na tulikuwa hatujaitafuta.

Mama hakubaliani nami katika yote. "Wewe unakaa Mwanza," huniambia, "huyo kanu nakaa naye mimi." Ana haki ya kusema hivyo.

Wiki iliyopita alinipigia simu. Kanu alikuja, akalizunguka banda mara mbili, asipate pa kupita, akaenda zake. Akaenda kwa baba mdogo, akaua sita. Baba mdogo anauliza ule wavu nilinunua duka gani na kwa bei gani. "Uje upesi," mama aliongeza, "maana ile chupa uliyomrudishia bado anayo, na leo mchana nimemwona ameishika."

Nimeomba ruhusa kazini siku nne. Wavu nimekwisha kununua, mita kumi, nami naondoka kwa basi la alfajiri.