Willy Gamba na Hati ya Upekuzi

Katika kozi nyingi za fasihi ya Kiswahili, riwaya za upelelezi hupewa mhadhara mmoja karibu na mwisho wa muhula, chini ya kichwa "fasihi pendwa". Mhadhiri akibanwa na ratiba, huo ndio mhadhara anaouruka. Mimi nilizisoma kabla sijajua kuwa zina kichwa. Zilipita mkono kwa mkono bwenini, mpaka jalada likang'oka na kurasa za mwisho zikapotea, jambo ambalo kwa msomaji wa hadithi za upelelezi ni msiba. Hadi leo huzitafuta kwa wauza vitabu vilivyotumika wanaotandaza bidhaa zao kando ya barabara, na nikizipata huzisoma kwa usiku mmoja.

Utamu wake hauhitaji kutetewa na msomi. Ninalotaka kulieleza ni kwamba vitabu hivi vilitufundisha siasa kabla hatujatambua kuwa ni siasa. Vilitujengea picha ya adui ni nani, ukweli hutafutwa vipi, na mtu anayeilinda nchi anaruhusiwa kufanya nini. Sehemu ya mafunzo hayo ilikuwa njema. Sehemu nyingine bado tunailipia.

Wa kwanza ni Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa habari wa Zanzibar, alishinda shindano la uandishi la miaka ya 1957 na 1958 kwa hadithi ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa kitabu mwaka 1960. Anayemfahamu Sherlock Holmes atautambua ukoo haraka: kiko kipo, na rafiki wa kuuliza maswali, Najum, naye yupo. Lakini Abdulla aliuhamishia ukoo huo Unguja na kuutwika kazi ya Kiunguja. Mtu ameuawa mahali pa mzimu, na wapo walio tayari kuamini kwamba mizimu ndiyo iliyoua. Bwana Msa haridhiki. Anapima maneno ya mashahidi, anauliza nani alikuwa wapi, na mwishoni anaeleza hatua kwa hatua alivyofikia hitimisho lake. Hana cheo serikalini wala mamlaka ya kumkamata mtu. Silaha yake ni hoja, na hoja huwekwa hadharani ili mwingine naye aipime.

Miaka kumi na minne baadaye, mwaka 1974, Aristablus Elvis Musiba akatuletea Kufa na Kupona, na ndani yake Willy Gamba. Huyu ni mtumishi wa dola, jasusi wa Tanzania. Ana bastola, anavaa vizuri, wanawake wanampenda, na wakubwa wake wanapomtuma hawamwelezi namna ya kufanya. Kazi yake ya kwanza inahusu nyaraka za siri za harakati za ukombozi zilizoibwa. Katika Kikosi cha Kisasi, kilichotoka mwaka 1979, anapelekwa Kinshasa kuwasaka wanaowaua wapigania uhuru.

Tumtendee haki Musiba. Hofu aliyoiandika haikuwa ya kubuni. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963. Tarehe 3 Februari 1969, Eduardo Mondlane wa FRELIMO aliuawa katika jiji hilohilo kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Amílcar Cabral aliuawa Conakry Januari 1973. Herbert Chitepo aliuawa Lusaka Machi 1975 kwa bomu lililotegwa kwenye gari lake. Msomaji wa wakati ule hakuhitaji kushawishiwa kwamba makaburu na Wareno walikuwa na mikono mirefu. Kijana wa Mwanza au wa Tanga aliyemfuata Willy Gamba mpaka Kinshasa alijifunza kwamba uhuru wa Msumbiji na Zimbabwe unamhusu yeye, tena bila kuhutubiwa. Ni hotuba chache za jukwaani zilizofanya kazi hiyo kwa ufanisi kama ule.

Pamoja na hayo, kuna swali ambalo wasomaji wa Willy Gamba hatukuwa na mazoea ya kuliuliza: hati ya upekuzi iko wapi? Anavunja mlango, anapekua, anapiga, anaua, nasi tunageuza ukurasa kwa furaha. Tunafurahi kwa sababu mwandishi ametuonyesha mapema kwamba aliyepigwa ni mwovu. Ndani ya riwaya, Willy Gamba akimshuku mtu, kwa kawaida mtu huyo ana hatia. Nje ya riwaya hakuna mwandishi wa kutuhakikishia hivyo.

Riwaya hizi zilisomwa katika nchi halisi yenye sheria halisi. Tangu mwaka 1962 tulikuwa na Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyomruhusu Rais kumfungia mtu bila kumfikisha mahakamani. Mwaka 1976, vyombo vya dola vilipokuwa vikishughulikia mauaji yaliyohusishwa na ushirikina katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watuhumiwa waliteswa na baadhi yao wakafia mikononi mwa vyombo hivyo. Mwaka 1977, Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa kuwajibika. Kila nisomapo habari za tukio lile huwaza kwamba pale Bwana Msa na Willy Gamba walikutana. Kulikuwa na vifo, kulikuwa na uvumi wa uchawi, na kulikuwa na wajibu wa kumtafuta muuaji kwa ushahidi. Hiyo ni kazi ya Bwana Msa kabisa. Walioshikwa walikutana na mkono usioulizwa.

Mwaka 1983 tukaingia kwenye vita dhidi ya wahujumu uchumi. Sheria iliyotungwa wakati huo iliunda mahakama maalumu ambamo mshtakiwa hakuruhusiwa kuwa na wakili. Umma ulishangilia, maana maduka yalikuwa matupu na hasira ilikuwa ya haki. Mwaka uliofuata ilitungwa sheria nyingine kuchukua nafasi yake, na mwaka huohuo wa 1984 haki za msingi za raia ziliingizwa katika Katiba yetu. Sisemi kwamba riwaya ndizo zilizosababisha sheria hizo. Nasema kwamba makofi yaliyopigwa mtaani na furaha ya kugeuza ukurasa bwenini vilitoka katika imani moja: kwamba mwenye nia njema hahitaji kuhojiwa.

Katika miaka hiyohiyo ya themanini, Ben Mtobwa alimpa umaarufu Joram Kiango. Joram si mwajiriwa wa serikali. Ni mpelelezi wa kujitegemea, na vyombo vya dola vinapokwama ndipo anapohitajika. Nauona ndani yake mwanzo wa mashaka: shujaa ameanza kutoka nje ya ofisi ya umma. Hata hivyo, imani yetu haikuhamia mahakamani. Ilihama kutoka kwa mtu mmoja mwenye bastola kwenda kwa mwingine.

Watakuwapo wa kuniambia kwamba hii ni burudani tu na kwamba nazitwisha riwaya mzigo usio wake. Nawaomba watafakari msemo tuliouzoea katika miaka ya karibuni: "watu wasiojulikana". Katika hadithi ya upelelezi, mtu asiyejulikana ndiye anayeianzisha hadithi. Sura zote zinazofuata ni jitihada za kumjua. Katika maisha yetu ya umma, maneno hayo yamekuwa ya kufunga mazungumzo. Tukishayatamka, tunahamia habari nyingine. Taifa lililolelewa na Bwana Msa lingepaswa kuona ajabu kwamba kitabu kimefungwa kwenye ukurasa wa kwanza.

Kwa hiyo ningependa riwaya hizi zitoke kando ya barabara na kuingia maktabani. Nyingi zilichapwa kwa karatasi hafifu, na nakala zake za awali zinazidi kuadimika. Anayeandika historia ya fikra za kisiasa za Watanzania akatumia hotuba na ilani peke yake, ameacha nje kile ambacho wananchi walikisoma kwa hiari yao, kwa fedha zao wenyewe.

Darasani siku hizi siuruki mhadhara ule. Huwapa wanafunzi sura moja ya Willy Gamba na kuwataka waiandike upya kama jalada la kesi: nani alikamatwa, kwa amri ya nani, kielelezo kilipatikanaje, shahidi ni nani. Wengi hucheka mwanzoni. Mwanafunzi mmoja, askari polisi aliyekuwa masomoni kwa ruhusa ya mwajiri wake, alirudisha kurasa tatu nadhifu zenye maoni ya mpelelezi mwishoni. Aliandika kwamba mtuhumiwa inawezekana kabisa ni mwovu, lakini kwa jalada hilo hakimu angemwachia siku ya kwanza, na lawama isingekuwa ya hakimu.

Nilimpa alama za juu. Kisha nikamwazima Mzimu wa Watu wa Kale.